Jina la Shemeji Juu ya Tubebane

Wiki iliyopita mlimwacha Nazaire anacheza. Mtu mzima, fundi kompyuta wa ghala moja la Mesquite, anacheza peke yake katikati ya sebule na simu mkononi, kwa sababu wakili wake alikuwa amemwambia neno moja tamu: "Tumewashika."

Aliyelikosa gazeti asinune, nitamrudisha njiani. Nazaire ni Mrundi aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, akaletwa Texas pamoja na mkewe, Marie-Goretti. Huku alitunga programu ya simu akaiita Tubebane. Inawakutanisha wasio na gari na wenye gari waendao kazini njia moja. Bosi akirefusha zamu ghafla, Tubebane yenyewe inapanga upya nani ambebe nani, mtu asiachwe anatetemeka kwenye maegesho. Aliitoa bure. Msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, aliuweka wazi mtandaoni, anayetaka auchukue, aurekebishe, autumie. Wenyewe wanaziita programu huria.

Kisha ikaja Halvern, kampuni kubwa ya mizigo, na hataza mkononi, yaani hati ya serikali inayosema kwamba ujanja ule wa kupanga upya safari zamu inaporefuka ni uvumbuzi wa Halvern na hakuna mwingine ruhusa ya kuutumia. Wakamshitaki Nazaire. Walichotaka ni kimoja: Tubebane ifungwe.

Lakini wakili wake, Bi Hartsell, mama anayewatetea watunzi wa programu huria bila malipo, akagundua kwamba Tubebane ilikuwa hewani tangu Machi 2017, na Halvern waliomba hataza yao Januari ya mwaka uliofuata. Utavumbuaje kitu ambacho nusu ya parokia inakitumia kwenda kazini? Ndiyo maana Nazaire alicheza.

Laiti angejua, angekaa chini.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mtu na mkewe walipakia kreti mbili za Fanta na moja ya bia wakashika njia ya Houston, kwa Florent. Huyu Florent ni kaka mkubwa wa Marie-Goretti. Ndiye aliyewapokea uwanja wa ndege wa Dallas, akawaweka kwake Carrollton mwaka mzima, akamfundisha Nazaire kuendesha gari na kumtukana dereva mwingine bila kufungua dirisha. Baadaye alihamia Houston, akapata usimamizi katika ghala moja kubwa.

Ghala la nani? La Halvern. Msinitazame hivyo, hata Nazaire alijua. Tena alifurahi. "Tuna mtu wetu ndani," alikuwa anamwambia mkewe. "Shemeji atatusemea kwa wakubwa."

"Karibu, shemeji! Karibu, mshindi!" Florent aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili, akabeba kreti mwenyewe.

Mkewe, Christelle, alikuwa ameandaa ndizi kwa maharage, samaki na mchicha. Florent akamnyang'anya upawa.

"Leo nakupakulia mimi. Mtu aliyewashinda Wazungu anapakuliwa na mwenye nyumba."

Wakacheka. Wakaanza kula.

"Hebu nieleze vizuri, shemeji," Florent akasema. "Hawa watu wamekwama wapi hasa?"

Nazaire akamweleza yote. Alimweleza kama unavyomweleza ndugu, mdomo umejaa.

"Kwa hiyo kesi yako nzima imesimama juu ya ule msimbo wa 2017?"

"Nzima."

"Na ukitolewa?"

"Hautolewi. Uko hadharani, dunia nzima inauona."

Florent akamwongezea kipande cha samaki. Christelle alikuwa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, hata mara moja hakumtazama mgeni wake usoni. Nazaire alidhani mama wa watu amechoka.

Simu ikalia. Bi Hartsell, siku ya Jumapili.

"Nazaire, uko wapi?"

"Houston, kwa ndugu. Tunakula."

"Samahani kukukatiza. Halvern wamewasilisha maombi mapya Ijumaa jioni, nimeyafungua sasa hivi. Wameongeza mvumbuzi kwenye hataza yao. Wanasema walimsahau kwa bahati mbaya. Je, unamjua mtu anayeitwa Florent Nduwimana?"

Nazaire akautazama mkono uliokuwa unammwagia mchuzi.

"Namjua," akasema. "Ananipakulia chakula."

Bi Hartsell akasema, "Toka nje. Sasa hivi."

Akatoka hadi kwenye gari.

"Nisikilize vizuri," wakili akasema. "Juu kabisa ya msimbo wako, pale watu wanapoandika jina la mwenye kazi, kuna jina lake. Nililiona zamani nikadhani ni mwenzako tu aliyekusaidia. Kwa nini limeandikwa pale?"

"Ni heshima."

"Heshima gani?"

Nazaire akashindwa aanzie wapi. Kwao, aliyekupokea ugenini hasahauliki. Kitu chako cha kwanza katika nchi mpya kinabeba jina lake. Kwa kawaida ni mtoto. Lakini mtoto aliyezaliwa Texas alikuwa wa kike, akaitwa Ella kwa kumkumbuka nyanya yake, na Florent akakosa wajina. Basi Tubebane ilipokamilika Marie-Goretti akasema, "Baba Ella, mbona tusimpe kaka hiki?" Nazaire akaandika jina la shemeji yake pale juu, kwa moyo mweupe, akampigia simu kumpa habari. Florent alilia kwa furaha siku ile. Hakuwa amechangia hata herufi moja.

"Ile ni kama kumpa mtoto jina la mtu," Nazaire akaeleza. "Ukimpa mtoto jina la mjomba wake, mtoto hawi wa mjomba."

"Mahakamani anakuwa wa mjomba," Bi Hartsell akasema. "Sheria ya hapa inampa mvumbuzi mwaka mmoja. Akikitoa kitu chake hadharani, ana mwaka mzima wa kukiombea hataza, na kile alichokitoa hakiwezi kutumiwa dhidi yake. Wewe uliitoa Machi. Wao waliomba Januari. Mwaka haukuwa umeisha. Sasa wanasema mvumbuzi ni Florent, mtu wao, na aliyetoa Tubebane kwa jina lake ni huyo huyo Florent. Umenielewa?"

Alielewa. Akaegemea gari. Ule msimbo uliokuwa umwokoe ulikuwa umehamia upande wa pili.

Alirudi ndani. Florent alikuwa bado amesimama na upawa.

"Shemeji, wewe ndiye uliyevumbua Tubebane?"

"Kaa, tuongee kama watu wazima."

"Nimekuuliza."

Florent akashusha pumzi. "Waliniita ofisini. Mawakili watatu. Wakanionyesha jina langu. Wakasema, ama wewe ni mvumbuzi, ama wewe ni mshitakiwa wa pili. Wewe ungesema nini?"

"Ningesema kweli! Kwamba shemeji yangu aliliweka kwa heshima!"

"Na nani angeniamini? Hawa wanajua heshima hiyo? Kwao jina likiwa juu ya kitu, kitu ni chako. Nika-sign. Basi."

"Lini?"

Florent akarudisha upawa kwenye sufuria.

"Florent, ulisaini lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

Hapo ndipo damu ilipomchemka Nazaire. "Wiki mbili! Umeniacha nikuletee kreti! Umeniacha nikumwagie kesi yangu yote hapa mezani, unaniongezea samaki, unaniuliza 'na ukitolewa?' Mimi nimekukosea nini?"

"Usipige kelele nyumbani kwangu. Sikukuacha. Wamenipa cheo, nitakuingiza na wewe. Utapata kazi nzuri, ofisini, siyo kule ghalani Mesquite..."

Marie-Goretti alikuwa ameganda na kijiko mkononi. "Kaka," akasema, "sema si kweli."

"Mdogo wangu, kaa ule."

Hakukaa. Alichukua mkoba wake akatoka. Kutoka Houston hadi Huntsville hakutamka neno. Kutoka Huntsville hadi Corsicana alilia. Nazaire aliendesha huku anamchukia yule mtu kwa moyo wote, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kila alilojua kwenye barabara ile, kubadilisha njia, kutazama kioo, yule mtu ndiye aliyemfundisha.

Habari hazikai. Jumatatu mchana simu ya Nazaire ililetewa ujumbe wa sauti na Maman Scholastique, Mkongomani wa Bukavu anayetunza wazee kule Carrollton. Tubebane ilianza kwa sababu yake. Siku moja ya baridi aliyekuwa akimbeba alizuiwa kazini, zamu ikarefuka, yeye akabaki nje mpaka Nazaire alipomfuata. Nazaire aliporudi nyumbani siku hiyo alikaa mezani, akaanza kuandika, na Marie-Goretti akakaa naye.

"Nazaire, weye uniambie kweli," sauti ikasema. "Batu banasema Tubebane itafunga. Donc mimi nitaendaka kazi na nini? Gari sina, bus haifikaki kule. Na haiko miye peke. Bisimwa, Mugisho, bamama bote ba hôtel. Vraiment, usiache batufungie."

Aliusikiliza mara tatu. Kisha akampigia wakili.

"Tufanye nini?"

"Tunahitaji mtu aliyekuona ukipata lile wazo," Bi Hartsell akasema. "Na anayejua kwa nini jina la Florent liliwekwa pale. Wewe mwenyewe hutoshi, ni neno lako dhidi ya lake. Nani alikuwepo?"

Nazaire akamtazama mkewe upande wa pili wa meza.

"Mke wangu."

"Na huyo Florent ni kaka yake?"

"Amemlea. Wazazi walipokufa, alivuka naye mpaka wa nchi akiwa amembeba mgongoni."

Bi Hartsell akasema, "Muulize kama ataweza."

Marie-Goretti alisema ataweza. Aliulizwa mara mbili, mara ya pili na wakili mwenyewe, akasema, "Nitasema nilichokiona." Nazaire akamshika mkono. Nawaambia kweli, siku hiyo alimpenda kuliko siku ya harusi.

Juni wakarudi Houston, safari hii bila kreti. Kabla kesi haijafika kwa hakimu, mashahidi huhojiwa kwanza katika ofisi ya mawakili, chini ya kiapo, na mwandishi anapiga kila neno kwenye mashine. Ofisi yenyewe ilikuwa juu kabisa ya jengo la vioo, ina baridi ya friji. Upande mmoja wa meza wakakaa Nazaire na Bi Hartsell; Marie-Goretti akangoja zamu yake koridoni. Upande wa pili wakili wa Halvern, mwanamume mpole kupita kiasi, na pembeni yake Florent. Suti mpya. Kwenye kona alikaa mkalimani wa Kiswahili, Kalume, Mkenya wa Pwani, mzee msafi anayekohoa kabla ya kila sentensi.

Florent ndiye aliyeanza kuhojiwa. Akaapa. Bi Hartsell hakumzungusha.

"Kuna hata mstari mmoja wa Tubebane uliouandika wewe?"

"Hapana."

"Basi umevumbua nini?"

"Wazo." Kiingereza chake kilikuwa kizuri, kimepigwa pasi kama ile suti. "Nazaire ni fundi. Fundi anajenga, lakini ramani ni ya mwingine. Mimi nilimwambia, zamu ikirefuka programu ipange upya. Yeye akaandika. Wazo hilo hilo niliwaeleza wahandisi wa Halvern kazini."

"Ulimwambia lini?"

"Kwa simu. Mapema mwaka ule."

"Na jina lako pale juu?"

Florent akamtazama Nazaire machoni. "Aliliweka mwenyewe. Mtu hawezi kuandika jina la mwenye kitu kama si mwenye kitu."

"Mwongo!" Nazaire akainuka. Bi Hartsell akamvuta koti akaketi.

Kilichomshangaza ni kwamba Florent hakutetereka. Uongo ule alikuwa ameshauzoea, ameufanya wake. Mtu aliyelia kwenye simu siku ya kupewa jina sasa alikuwa anasimulia jinsi alivyoipata Tubebane, na alisimulia vizuri kuliko Nazaire.

Yakaja mapumziko ya mchana. Nazaire alikwenda kunywa maji, aliporudi akawakuta kwenye korido, karibu na lifti: Florent ameishika mikono yote miwili ya dada yake, anaongea Kirundi upesi upesi. Alipomwona Nazaire aliiachia, akaondoka.

"Anasemaje?"

Marie-Goretti alikuwa amebadilika rangi. "Baba Ella, kaka hana uraia. Alikuwa anaahirisha, anaahirisha. Nikisema kweli, yeye atakuwa amesema uongo chini ya kiapo. Anasema watamfukuza nchini. Watamrudisha Bujumbura."

"Angefikiria hilo asubuhi."

"Unajua kilichomtoa Bujumbura, kilekile kilichowamaliza wazazi wetu. Unakijua."

Alikijua. Alikijua vizuri, na alichukia kukumbushwa pale kwenye zulia la Halvern.

"Mama Ella, mimi sikumwapisha."

"Achana na Tubebane," akanong'ona. "Ifungwe. Utatunga nyingine. Wewe unajua kutunga."

"Nyingine ipi? Hataza inashika ule ujanja wenyewe, kila nitakayotunga itakuwa yao! Na Maman Scholastique? Na akina mama wa hoteli wanaosubiri gari kesho alfajiri? Niwaambie nini, kwamba shemeji yangu aliogopa?"

Mkewe akafumba macho.

"Sikuombi umchukie," Nazaire akasema, sauti imeshuka. "Nakuomba useme ulichokiona. Basi. Hakuna zaidi."

"Sawa," akasema Marie-Goretti.

Msomaji, kuna "sawa" ya kukubali na kuna "sawa" ya kumnyamazisha mtu. Nazaire alikuwa ameoa miaka kumi na minne, na bado hakuzitofautisha.

Wakaingia. Marie-Goretti akaapa kwa Kiswahili, Kalume akakohoa na kutafsiri. Wakili wa Halvern akamtabasamia.

"Mama, hatutakuchosha. Una watoto?"

"Ninao."

"Ulikuwa nyumbani siku mumeo alipoanza kuandika Tubebane?"

"Nilikuwepo."

"Ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

Nazaire akaanza kupumua. Ilikuwa inakwenda vizuri. Bi Hartsell naye alikuwa ameshika kalamu tayari.

"Basi tusaidie. Lile wazo la kupanga upya safari zamu inaporefuka, mumeo alilitoa wapi?"

Kalume akakohoa, akatafsiri. Marie-Goretti hakumtazama mkalimani wala mumewe. Alimtazama Florent, na Florent alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kunyolewa.

"Kwa kaka yangu," akasema. "Alimpigia simu."

Kalume akatafsiri. Mashine ya mwandishi ikalia tiki tiki tiki, ikanyamaza.

Nazaire alisikia vizuri, lakini mwili ulikataa kuelewa. Alimtazama mkewe akisubiri aongeze neno, aseme amekosea, aseme chochote. Huyu ndiye aliyekaa naye mezani siku ile. Ndiye aliyesema, tumpe kaka jina. Na Florent afadhali, Florent alimgeuka kwa hofu na kwa cheo. Huyu alikuwa amelala naye kitanda kimoja jana.

"Una uhakika, mama?" wakili wa Halvern akauliza kwa upole.

"Nina uhakika."

"Na jina la kaka yako likawekwa kwa sababu ni mwenye kazi?"

"Ndiyo."

"Asante sana. Sina zaidi." Akamgeukia Bi Hartsell. "Shahidi ni wako."

Florent alikuwa analia. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa mkono wa suti, na Nazaire akatamani kuyarudisha machoni mwake kwa ngumi.

Bi Hartsell hakuinuka. Akainama sikioni mwa Nazaire, akanong'ona kwa Kiingereza, haraka.

"Anadanganya, na hajui kudanganya. Ninaona. Nipe muda kidogo nitamvunja. Nitamuuliza simu hiyo ilipigwa lini, mumeo alijibu nini, mlikuwa mmekaa wapi. Atajikanyaga, atalia, atasema kweli, na Tubebane itapona. Lakini uongo aliousema umeshaandikwa. Nikimvunja, Halvern hawatamsamehe, watamwandama kwa kusema uongo kwenye kiapo. Ana uraia?"

"Bado," Nazaire akajibu. "Mahojiano yake ya uraia ni mwezi ujao."

Wakili akasema, "Basi uamuzi si wangu. Nikimwachia sasa, tumeshindwa na yeye yuko salama. Nikiendelea, tunaweza kushinda, lakini yeye sijui. Niendelee au niache?"

Upande wa pili wa meza, Marie-Goretti alikuwa ameweka mikono mapajani, anamtazama mumewe. Hakujua wananong'ona nini, lakini uso wake ulikuwa unaomba. Nazaire aliuona ule uso. Aliona na suti ya Florent. Aliona wanawake wa hoteli wamesimama gizani kando ya barabara, wanatazama simu ambayo haiwajibu tena. Hasira ikampanda kutoka tumboni, hasira ya mtu aliyeuzwa mara mbili katika meza moja, na ilipofika kinywani haikumngoja atafute Kiingereza.

"Muulize," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia.

Bi Hartsell hakuelewa. Akakunja uso, akamgeukia mkalimani.

Mzee Kalume akakohoa. Alimtazama Nazaire, akamtazama Marie-Goretti, na kwa kuwa ndiyo kazi aliyoletwa kufanya, akatafsiri polepole, kila mtu asikie:

"Anasema, mhoji mke wake."